Salamu ya Pili

Mbuke alipoletwa Tinde kukaa na bibi yake, alikuwa hajui Kisukuma hata cha kuombea maji ya kunywa. Alikuwa amekulia Buseresere, jirani na machimbo, mahali ambapo watu wametoka kila kona ya nchi na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Bibi yake, Apolonia, mjane wa marehemu Marselino, alilisikitikia jambo hilo kuliko hata wembamba wa miguu ya mtoto. Wembamba utatibiwa na ugali na maziwa. Lakini mtoto wa Kisukuma kupita mbele ya watu wazima bila kujua kuwasalimia kwa lugha yao, hilo aliona litamfuata hadi ukubwani.

Kwa hiyo alimfundisha salamu kabla ya jambo lingine lolote. Asubuhi unaanza na mwangaluka. Mwenzako akishaitikia unamuuliza, "Mhola?" Yaani, kwema? Kuna amani? Naye anakujibu, "Mhola duhu." Kwema tu, amani tupu. Hata kama ndani kuna mgonjwa, unaanza na mhola duhu, halafu habari za mgonjwa zinafuata taratibu.

Mtoto alishika upesi ajabu. Wiki hiyo hiyo alikuwa akimwamsha bibi kwa mhola, akitoka shule mhola, akirudi kisimani mhola. Apolonia alikuwa akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, pamoja na karanga, pale njia panda ambapo mabasi ya Kahama na ya Nzega hupunguza mwendo. Mbuke akija kumsaidia jioni, alisalimia kila aliyepita.

"Apolonia, huyu mjukuu umemwokota wapi?" aliuliza Mageni, jirani yake wa biashara, mwanamke mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha ondoka. "Wa kwangu ukimwambia asalimie anakuangalia kama umemwomba figo."

"Ni malezi tu, mwenzangu."

"Malezi ya siku ngapi? Aliletwa juzi."

Apolonia alicheka, akajibu salamu nyingine ya Mbuke, na moyoni alimshukuru Mungu. Alidhani amepewa mtoto mwenye adabu za zamani. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa tamu kiasi kwamba alikaa nalo muda mrefu bila kulitambua.

Kilichomshtua kwanza ni macho. Apolonia alikuwa mtu wa kutazama sana na kusema kidogo, na siku moja aliona kwamba Mbuke akisema mhola hamtazami mtu usoni. Anatazama midomo. Anaisubiri kama mtu anayesubiri mizani itulie. Siku hiyo bibi alikuwa anatafuna karanga, jibu likatoka limekwaruzika.

"Mhola?" mtoto akarudia.

"Mhola duhu."

"Hapana, bibi. Umesema ukiwa unameza. Sema tena."

Akasema tena. Mbuke akavuta pumzi, akasimama kidogo, kisha uso ukamkunjamana. "Tena, bibi. Ya mwisho."

Haikuwa ya mwisho. Ikawa asubuhi mtoto ameshavaa sare, ameshapakwa mafuta, anaaga vizuri na kufika kwenye ua wa minyaa, halafu anarudi mlangoni. Mhola? Anajibiwa, anaondoka, anafika kwenye minyaa, anarudi. Wenzake wanapita kwa vicheko, kengele ya shule inasikika kwa mbali, naye bado anakwenda na kurudi huku machozi yakimtoka kwa sababu anataka kwenda na hawezi. Apolonia alijaribu kumkaripia, mtoto akatetemeka mwili mzima. Akajaribu kumbembeleza kwa kumjibu mara nyingi kwa mkupuo, "Mhola duhu, mhola duhu, mhola duhu, haya nenda," ikawa kama kumwagia petroli kwenye kaa.

Mwalimu Donatus, aliyefundisha darasa lake, akaja mwenyewe nyumbani, baiskeli mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kigoda."

"Sikai, mama. Nimekuja kwa ajili ya Mbuke. Ana akili, hilo sina shaka. Lakini nikigeukia ubao ananiita, mhola mwalimu? Nikimjibu anataka tena. Nisipomjibu hashiki kalamu. Wenzake wamempa jina, wanamwita Mhola-Mhola. Jana amekaa chooni kipindi kizima."

Apolonia aliinamisha kichwa. Alipobaki peke yake na mtoto, wakiwa wanakata viazi kwenye ungo, alimuuliza kwa sauti ile ya kumuuliza mgonjwa anapoumwa.

"Mjukuu wangu, nisipokujibu kunakuwaje?"

Mbuke alikata kiazi vipande vyembamba sana kabla ya kusema. "Baba atafukiwa."

Ndipo yakatoka. Kule machimboni, kabla hajaletwa Tinde, duara la jirani na la baba yake lilikuwa limeporomoka. Duara ni shimo la wachimbaji, linakwenda chini hadi watu wanaonekana kama mende. Mbuke alikuwa pale juu na mama yake, Loveness, wamepeleka chapati. Aliwaona watu wakikimbia, akasikia majina yakiitwa, na mtu mmoja akaitwa sana bila kuitika. Baba yake, Januari, alikuwa shimo jingine, akatoka mzima na vumbi lake. Lakini asubuhi ile Mbuke alikuwa ameamka amenuna, hakumsalimia baba. Tangu hapo wazo likamkaa: salamu isipokaa sawa, udongo utashuka.

"Basi mimi nilipokufundisha mhola..." bibi alianza.

"Nilifurahi," Mbuke akasema. "Nilidhani nimepata dawa."

*

Apolonia alifanya kile anachokijua. Aliita akina mama wa jumuiya yao ya kanisani, wakaja na rozari, wakamzunguka mtoto, wakasali kwa sauti na machozi. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, alimwambia Mbuke, "Ukisali kwa imani yote, hofu itakimbia." Kesho yake Mbuke alikuwa na jambo la pili. Salamu Maria aliianza upya kila alipohisi imani haikuwa yote. Kiamshakinywa kikapoa. Apolonia akamtazama mtoto akihangaika na sala kama mtu anayejaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano gizani, akaona uchungu ambao sala haikuwahi kumtia tangu abatizwe.

Simu ya Januari ikaja katikati ya hayo. Loveness alikuwa amemweleza hali ya mtoto, kama alivyoisikia kwa bibi.

"Shikamoo, mama. Nimeenda kwa mzee mmoja huku, mtu wa uhakika. Anasema ni masamva. Mizimu ya upande wa baba inamtaka Mbuke, ndiyo maana anaulizia amani kila saa. Inabidi aje avishwe shanga, akae pale kwake ajifunze kazi yao."

"Akae muda gani?"

"Hawa hawana muda, mama. Wakikupokea wamekupokea."

"Na shule?"

Nyuma ya Januari mashine ya kusagia mawe ilikuwa ikinguruma. "Shule gani, mama, ya mtoto anayelia chooni? Mvua zikianza na maduara yakijaa maji, sitakuwa na kazi. Nakuja kumchukua."

"Januari, mimi nilimzika baba yako kwa sala, nikakulea kwa sala. Mjukuu wangu hatavishwa shanga."

"Basi mponye," mwanawe akasema, si kwa kejeli, kwa uchovu. "Ukimponya kabla sijaja, atabaki."

Apolonia aliiweka simu juu ya gunia na kuangalia upande wa kusini, ambako mawingu hutokea. Anga ilikuwa bado nyeupe.

Aliyemwonyesha njia ni mhudumu wa zahanati alikokwenda kupimwa presha. Presha ilikuwa imepanda, mhudumu akauliza kuna nini nyumbani, na bibi akajikuta ameeleza yote. Akaambiwa kuna kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya Shinyanga mjini, na watoto wanapokelewa. Apolonia alikwenda ameshika mkono wa Mbuke na kujifunika khanga hadi kwenye nyusi, akiomba asikutane na mtu wa Tinde. Alidhani atakuta watu wamefungwa kamba. Alikuta benchi, mama anayenyonyesha, na kijana aliyevaa shati safi akisinzia.

Muuguzi aliitwa Kudra, mwanamke wa makamo mwenye hijabu ya bluu. Hakumuuliza Mbuke kwa nini anafanya vile. Alimuuliza wazo lile linamwambia nini.

"Linasema rudia mara moja tu, ya mwisho," Mbuke akajibu. "Nikirudia linasema hiyo haikukaa vizuri. Rudia, hii sasa ndiyo ya mwisho kweli."

"Ehee. Unamjua mtu yeyote anayeongea hivyo?"

Mbuke alifikiri. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, bibi aliona meno yake. "Dalali."

"Dalali yupi?"

"Wa dhahabu, kule kwetu. Anakuja kwa baba anasema, punguza kidogo mkubwa wangu, ya mwisho hiyo. Baba anapunguza. Anasema, basi kidogo tena, ya mwisho wallahi. Haondoki. Mpaka mama amfukuze na mwiko."

Kudra alicheka hadi akafuta macho. "Basi tumempata. Aliye kichwani mwako ni Dalali. Si wewe, Mbuke. Wewe ni mtoto mzuri mwenye Dalali msumbufu. Sasa niambie, Dalali anaondoka ukimpunguzia?"

"Hapana. Anakaa."

"Na asipopewa kitu?"

"Anapiga kelele."

"Halafu?"

Mbuke akakunja midomo, akiwaza. "Halafu anachoka. Anakwenda kwa mwingine."

Kudra akamgeukia bibi. Akaeleza kwamba huo ni ugonjwa unaojulikana, una jina refu la kitaalamu, na watoto wengi wanao bila wazazi kujua. Si laana, si utovu wa adabu, si mtu aliyemlea vibaya. Wazo baya humpitia kila mtu. "Wewe mama, hujawahi kubeba sufuria la uji wa moto karibu na mtoto, ukawaza, je nikimmwagia?"

Apolonia alishtuka kama ameonwa akiiba. "Nimewahi. Nikajifanyia ishara ya msalaba."

"Na wazo likapita. Kwake halipiti, linaganda. Linamtia hofu, anatafuta kitu cha kuituliza. Ukimjibu mhola duhu, hofu inashuka kidogo, lakini kichwa kinajifunza kwamba bila jibu hakuna usalama. Kesho kinataka majibu zaidi. Mama, tangu mwanzo ulikuwa unamlipa Dalali."

"Kwa hiyo nisimjibu mtoto salamu?" Sauti ya Apolonia ilipanda. "Muuguzi, wewe si mtu wa kwetu. Kwetu anayenyamazia salamu ni adui. Hata mchawi anaitikia."

Kudra hakubishana. Alizungusha kalamu. Ni Mbuke aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Je, ya kwanza?"

"Ya kwanza nini, mwanangu?"

"Ya kwanza ni yangu. Nikiamka nataka kumsalimia bibi kweli. Ya pili ndiyo ya Dalali."

Watu wazima wawili wakatazamana. Ikawa hiyo ndiyo sheria. Salamu ya kwanza ni ya Mbuke, inajibiwa kwa furaha yote. Ya pili haina mwenyewe. Wataanza polepole: kwanza kuchelewesha jibu hadi kiazi kimoja kimalizike kumenywa, baadaye hadi basi lipite, baadaye jibu lisije kabisa. Hofu itapanda, Kudra alisema, itapanda sana, msikimbie, kaeni nayo, itashuka yenyewe. Sala nazo vivyo hivyo: mara moja, hata ikikosewa, Mungu ameshasikia. Watarudi kliniki kila watakapopangiwa, na kama itakuwa nzito mno, daktari ataangalia kuhusu dawa.

*

Kuchelewesha kwa kiazi kimoja kuliwezekana. Mbuke alikaa chini akikumbatia magoti, akisema kwa meno yaliyokazwa, "Dalali anapiga kelele, bibi," na bibi akamenya kiazi polepole kuliko alivyowahi kumenya kitu maishani. Kisha akajibu, na mtoto akashangaa kwamba hofu ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya jibu. Hatua ya basi nayo ikawezekana, ingawa basi moja la Kahama liliharibika gurudumu mbali na siku hiyo Apolonia akavunjika moyo, akajibu.

Shida ilikuja kwenye hatua ya kutojibu kabisa. Mara ya kwanza walikuwa pale njia panda.

"Mhola, bibi?"

Ilikuwa ya pili. Apolonia akanyamaza, akapanga michembe upya.

"Bibi. Mhola?"

"Wee Apolonia!" Mageni akadakia. "Mtoto anakusalimia, umekaa kimya kama ng'ombe aliyelamba chumvi! Kakukosea nini?" Akamgeukia Mbuke na sauti yake ya mabasi. "Mhola duhu, mjukuu wangu! Mhola duhu kabisa! Achana na huyu mzee, amezeeka vibaya."

Uso wa Mbuke ukalegea kwa raha, na bibi akaona kazi ya wiki nzima ikimwagika kama mtama wa gunia lililotoboka. Toka hapo mtoto akajua pa kwenda. Bibi akinyamaza, Mageni anajibu. Mageni asipokuwepo, muuza maji anajibu. Abiria wanajibu kupitia madirishani. Tinde nzima ilikuwa na adabu, na adabu yote ilimwendea Dalali.

Apolonia alikaa na jambo hilo. Alijua linalotakiwa, na lilimkata maini. Ilibidi aseme hadharani kwamba mjukuu wake ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wa kichwa. Alimwomba kwanza Mbuke mwenyewe ruhusa. Mtoto akasema, "Waambie ni Dalali. Usiwaambie mimi kichaa."

Siku ya jumuiya, masomo yalipokwisha kusomwa, Apolonia alisimama. Hakuwa msemaji, na darasa lake la saba lilikuwa la zamani. Alisema, "Wenzangu, mlinisaidia kumwombea Mbuke, nawashukuru, wabeja. Sasa naomba msaada mwingine, na huu ni mgumu. Naomba mjukuu wangu akiwasalimia mara ya pili, msimjibu."

Ikazuka minong'ono. Mageni ndiye aliyepaza sauti. "Yaani unatuomba tufanye dhambi kwa pamoja?"

Watu wakacheka, naye Apolonia akacheka kidogo. Halafu akaeleza habari za Dalali, za sufuria la uji, za wazo linaloganda. Alipofika kwenye sufuria aliona wanawake kadhaa wakishusha macho, akajua hayuko peke yake. Akamalizia kwa jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Na mimi nimejifunza jambo. Kila nilipomwambia mhola duhu, nilikuwa namwahidi kwamba baba yake yuko salama. Mimi nilijuaje? Mnamkumbuka Marselino. Asubuhi ile alinijibu mhola duhu, akanywa uji wake wote, na jua halijatua tukawa tunamtafutia sanda. Neno lake halikuwa uongo, lakini halikuwa ulinzi. Amani ni ya Mungu kuitoa. Mimi nilikuwa naigawa kama michembe."

Mageni alijipangusa pua na pembe ya khanga, akasema, "Haya. Lakini ya kwanza nitamjibu kwa sauti."

*

Mvua zilianza kwa upepo mwekundu. Kufika mwisho wa juma, mashimo ya barabarani yalikuwa yamejaa, na redio ilikuwa ikisema mvua kubwa imenyesha Geita yote, hadi kule machimboni. Apolonia alipiga simu ya Januari. Haipatikani. Akapiga ya Loveness. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena, na tena, mgongo ameugeuzia mlango, hadi aliposikia pumzi nyuma yake.

"Bibi, baba hapokei?"

"Hapokei."

"Mhola?"

Asubuhi walishasalimiana. Hii ilikuwa ya pili. Apolonia alitazama midomo ya mtoto ikiwa imekauka, na neno likamjia mwenyewe hadi kwenye ulimi. Hakulitaka kwa ajili ya Mbuke peke yake. Alilitaka kwa ajili yake. Alitaka mtu, yeyote, amwambie mhola duhu. Mkono wake ulikuwa tayari umebonyeza namba ya Januari kwa mara nyingine, na hapo akauona mkono huo, akaelewa jinsi Dalali anavyoonekana kwa ndani.

Akaizima simu, akaiweka kabatini.

"Sijui, Mbuke," alisema. "Na mimi naogopa."

Mtoto alipiga yowe. Alimshika bibi khanga, akavuta. "Sema, bibi! Mara moja! Ya mwisho! Ukikaa kimya utamuua!" Akagaragara kwenye sakafu ya udongo, na Apolonia akakaa chini kando yake, mgongo ukutani, hakujibu, hakuondoka. Mvua ilipiga bati kiasi cha kumeza kilio. Alitaka kusali, akasali mara moja, akaacha.

Hakuna aliyepima ilichukua muda gani. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi nzito. Mbuke alikuwa amelaza kichwa kwenye paja la bibi.

"Bado anapiga kelele?"

"Bado. Lakini yuko nje sasa."

"Mwache anyeshewe."

Mbuke alicheka na makamasi. Baadaye akasema ana njaa, na walipokula, aliona bado hawajui habari za baba na bado anaweza kumeza. Alilisema jambo hilo kwa mshangao, kijiko mkononi.

Januari hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, siku mbili baadaye, buti zimejaa matope na simu iliyoingia maji mfukoni. Loveness na mdogo wake Mbuke, aliye bado kichanga, walikuwa wazima, simu yake yeye iliachwa ndani inalia wakati wanahamisha vitu kukwepa maji. Duara lilijaa. Hakuna aliyeumia.

"Nimekuja kama nilivyosema," alimwambia mama yake baada ya kuamkiana. "Yule mzee anatusubiri."

"Lala kwanza. Asubuhi utamwona akienda shule, halafu utaamua."

"Anakwenda?"

"Utamwona."

Asubuhi Mbuke alivaa sare na kumpigia goti baba yake. "Shikamoo, baba. Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, mama yangu," Januari akamjibu binti yake, akitabasamu. Mtoto akachukua mfuko wake wa madaftari, akafika kwenye minyaa, akasimama. Mgongo wake ulikakamaa. Akageuka.

Alirudi hatua kwa hatua hadi mbele ya baba yake, macho kwenye midomo yake. "Mhola?"

Januari alifungua kinywa. Mtu mzima, aliyeshuka mashimoni miaka na miaka, hakuwahi kunyamazia salamu ya mwanawe. Apolonia aliona neno linakuja.

"Usimjibu," alisema.

"Mama! Mtoto wangu ananiuliza kama niko salama."

"Si yeye. Ya kwanza ilikuwa yake, umeijibu. Hii mwachie."

"Lakini anatetemeka! Mtazame!"

"Namtazama. Nimekuwa nikimtazama. Wewe nawe mtazame, usikimbie."

Januari alifunga kinywa. Misuli ya taya ilimcheza. Mbuke alisimama mbele yake na ngumi mbili zimekazwa, machozi yakishuka, na baba akaanza kulia naye bila sauti, mikono ikining'inia kama mtu aliyenyang'anywa jembe. Alitaka kupiga magoti amkumbatie. Apolonia akamwambia kumkumbatia ruksa, kujibu ndiyo marufuku. Akapiga magoti. Hakumkumbatia. Alikaa tu hapo, uso mbele ya uso.

"Baba," Mbuke akasema kwa shida, "Dalali anasema leo ukirudi Geita utafukiwa."

Januari alimtazama mama yake akiomba msaada. Hakupata. "Nitashuka maji yakikauka," alisema taratibu. "Nitakuwa mwangalifu. Zaidi ya hapo sijui, mama yangu. Hakuna anayejua."

Mtoto alilisikiliza jibu hilo kama chakula kigeni. Halikuwa tamu. Alisimama nalo, mabega yakipanda na kushuka, na polepole ngumi zikafunguka.

Kengele ya shule ikalia kule ng'ambo ya barabara.

"Nitachelewa," Mbuke akasema. Akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akafika kwenye minyaa. Akasita tena, kichwa kikageuka nusu, wote wawili wakashika pumzi. Halafu akapita. Walimsikia Mageni kule barabarani akimpokea kwa sauti ya kuamsha Shinyanga nzima, "Mhola duhu, Mbuke, na hiyo ndiyo ya leo, usiniletee nyingine!"

Januari alibaki amepiga magoti kwenye tope. "Atapona kabisa?"

"Muuguzi anasema Dalali anaweza kurudi siku yoyote, hasa mtoto akichoka au akisikia habari mbaya. Anajifunza kumwacha mlangoni. Na sisi tunajifunza."

"Kliniki ni lini tena?"

"Jumatano."

Aliinuka, akakung'uta magoti bila faida, matope yalikuwa mabichi. Alikaa kwenye kigoda, akavua buti, akaziegemeza ukutani zikauke.

"Nitakaa hadi Jumatano," alisema. "Nataka nimsikie huyo muuguzi mwenyewe. Yule mzee nitampigia kwa simu yako nimwambie asitusubiri."

Apolonia aliingia ndani kuchukua ungo. Kulikuwa na viazi vya kukata kabla jua halijawa kali, na leo walikuwa wawili wa kukata.